Chenga za Rujewa na Uji wa Saa Nne

Nimepika kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo sijui kupika chakula cha watu wawili. Wiki ya kwanza baada ya kustaafu, mke wangu alisafiri kwenda msibani akaniachia jiko. Niliinjika maharage. Niliyala siku sita, mimi na majirani wa kulia na wa kushoto, pamoja na kuku wao. Mke wangu aliporudi hapa nyumbani kwetu Mlandege alifunua sufuria, akanitazama, akaniuliza, "Baba Tumaini, wanafunzi wako wapi?"

Wanafunzi walikuwa wamebaki shuleni. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Iringa, na jina la shule siliandiki kwa sababu haijaniomba. Nilianza kwa kuchanja kuni, nikamaliza nikiwa mpishi mkuu mwenye funguo za stoo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mtu wa sufuria kubwa. Mtanisamehe mkiona vipimo vyangu vimezidi.

Aliyenifanya nikae niandike ni mjukuu wangu Eda, anayefundisha shule ya msingi huko Mbeya. Ameolewa juzi juzi tu. Alinipigia simu sauti imemwishia. "Babu, naingia sokoni na hela, natoka na mfuko unaopeperuka. Mafuta yamepanda, mchele umepanda, sukari ndiyo usiguse. Hivi nyie zamani mliishije?"

Eda, na ninyi wenzake mnaosoma hii, zamani vitu havikuwa rahisi. Tangu nianze kushika mwiko sijakutana na mwaka ambao watu walisimama sokoni wakasema, jamani mwaka huu bei imetutendea haki. Kila mwaka kuna kitu kimepanda. Mwaka huu ni mafuta, mwaka ule ilikuwa sukari, kabla yake unga. Tofauti ni kwamba ninyi mnapata habari ya bei kwenye simu kabla hamjaamka vizuri, mnaanza kuumia mkiwa bado kitandani. Sisi tuliumia tukishafika sokoni.

Nianze na jino langu la mbele, hili lililomeguka. Limemegukia kazini.

Mpishi aliyenifundisha alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, Mzee Lutengano. Mtu mpole, mnene, asiyeonja chakula hata siku moja, alikuwa anakinusa tu. Akienda kununua maharage hakuuliza bei kwanza. Alitumbukiza mkono mpaka katikati ya gunia, akatoa harage moja, akaling'ata. Harage jipya linapokea jino, linabaki na alama. La zamani linapasuka vipande au linakataa kabisa. Akiridhika na jino, hapo ndipo alipoanza kuuliza bei.

Mimi nilidhani ni mbwembwe za kizee. Siku aliyonituma peke yangu niliona maharage mazuri, mekundu, yanang'aa, na bei yake imeanguka kuliko ya wengine wote. Nikayabeba yote nikirudi kifua mbele. Tuliyainjika alfajiri. Saa sita hayajaiva. Saa nane hayajaiva. Wasichana walikula chakula cha mchana saa kumi jioni, na bado yalikuwa yanagonga kwenye sahani. Kuni za wiki nzima ziliishia chini ya sufuria ile. Mzee Lutengano hakunifokea. Alisema tu, "Ndaga, asante mwanangu. Maharage umeyapata kwa bei ya chini. Sasa kanunue kuni."

Tangu siku hiyo na mimi nang'ata, na jino nikalipoteza kwa gunia moja la Makambako. Lakini fikirini ninyi mnaopikia gesi au mkaa. Maharage ya zamani ya bei nafuu yanaweza kukumalizia mtungi, halafu ukalaumu gesi. Ng'ata kwanza. Ukishanunua, yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji yale, ndipo uinjike. Na usinidanganye kwamba huna muda wa kuloweka. Maharage yanajiloweka yenyewe, wewe unalala.

Kuna na hili la akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, nami nawaheshimu, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kuweka maharage yenye unyevu. Mwaka mmoja nilijaza stoo wakati wa mavuno, nikajisifu. Baada ya miezi miwili, ukisogeza sikio kwenye gunia ulisikia wanatafuna. Tukapepeta unga unga na matundu. Siku hizi inauzwa mifuko ya tabaka tatu, unakausha vizuri, unakaza shingo ya mfuko, wadudu wanakosa hewa. Ingekuwapo wakati wangu ningepunguziwa aibu nyingi.

Sasa niwape kisa chenyewe, kile ambacho Eda alinikumbusha bila kujua.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Unga wa mahindi ulikuwa umepanda, sukari imepanda, na wazazi wengi walikuwa hawana tena pa kukamua. Mkuu wa shule yetu alikuwa Sista Oresta, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kuliko wanafunzi. Akaniita ofisini.

"Teofili, kaa."

Nikajua kuna jambo. Sista hakuwa na kawaida ya kukalisha watu.

"Uji wa saa nne tutausimamisha. Mchana wale, jioni wale, lakini uji hatuuwezi tena."

"Sista, hao watoto wanaamka saa kumi na moja alfajiri."

"Najua wanaamka saa ngapi. Kengele nagonga mimi."

Ngoja niwaeleze uji ule ulikuwa nini. Wasichana wetu walikula jioni, wakasoma, wakalala. Waliamka gizani, wakafanya usafi, wakasali, wakaingia darasani. Hakukuwa na chai wala kitafunwa. Kitu cha kwanza kushuka tumboni kilikuwa uji wa saa nne. Uji ukiondoka, kutoka chakula cha jioni mpaka ugali wa saa nane mchana hakuna kitu. Wenye hela ya mfukoni wangenunua maandazi kwenye duka la shule. Wasiokuwa nayo wangekunywa maji ya bomba. Nilikuwa nawajua wote wa kundi la pili kwa vikombe vyao. Walikuwa na vikombe vikubwa, na walivirudisha vikavu.

Tena mimi mwenyewe niliacha shule darasa la sita. Nilikuwa nasinzia kila siku baada ya kipindi cha pili, mwalimu akaniandika mvivu, baba akaamini. Haukuwa uvivu, ilikuwa njaa. Sikumwambia Sista habari hiyo. Nilimwambia, "Nipe nafasi, nitafute pa kubana."

Hakuwa mtu mbaya, na sweta lake mwenyewe lilikuwa na viraka kwenye viwiko. "Ukipata pa kubana jikoni kwako, uji utabaki. Usipopata, mwisho wa mwezi sufuria ile ioshwe iwekwe stoo. Mwaka huu kidato cha nne wana mtihani, na mimi sipendi hili kama usivyolipenda wewe. Lakini siwezi kupika kwa maombi peke yake."

Nikatoka nikiwa nimejaa ushujaa. Nikazunguka jiko langu nikitafuta kinachokula sana, nikakipata: wali wa Jumapili. Wali ule ulikuwa heshima ya shule. Tulinunua mchele mjini, kwa mfanyabiashara wa jumla, kwa bei aliyotaka yeye. Na sasa ilikuwa Julai, huko bonde la Usangu wanavuna mpunga, bei imelala. Nikasema, kwa nini ninunue kwa mtu wa tatu wakati lori la shule lipo? Nakwenda Rujewa mwenyewe. Nitakachookoa kwenye wali kitanunua unga wa uji.

Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo nalitetea. Kosa lilikuja baadaye.

Tulipita Mafinga, Makambako, tukakata kona Igawa, tukaingia Rujewa tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwenye mashine za kukoboa mpunga, pumba zilikuwa zimerundikana kama vichuguu. Mwenye mashine niliyoingia alikuwa Mama Kulwa, Msukuma, ambaye wazee wake walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga wakakuta maji na ardhi wakabaki. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi la mchele. Alinionyesha mchele uliokuwa unatoka mashineni wakati ule ule, mweupe, unanukia mpaka dereva wangu akameza mate. Bei yake sikuamini.

"Utaupika lini, baba?" akaniuliza wakati vijana wake wanashona magunia.

"Jumapili hii."

Akaacha kazi. "Baba, mpunga huu umetoka jarubani juzi. Bado mchanga. Ungechukua ule wa msimu uliopita, bei imezidi kidogo, lakini..."

"Mama, mimi ni mpishi," nikamkata. "Nimepika wali wewe ukiwa bado unachunga ndama. Wewe koboa."

Akacheka kidogo, akasema, "Haya baba, mpishi ni wewe." Nami nikaona nimeshinda.

Wanangu, kuna jambo ambalo kila mama wa Usangu analijua na mimi sikulijua, kwa sababu miaka yote nilikuwa nanunua mchele uliokwisha kukaa ghalani kwa wafanyabiashara. Mchele wa zamani unakunywa maji na kuumuka, punje inasimama peke yake, sufuria inajaa. Mchele mpya una maji yake ndani. Ukiutilia maji ya kawaida unavurugika, na hauumuki. Jumapili ile niliweka kipimo kile kile cha mchele na kipimo kile kile cha maji nilichotumia miaka yote. Nilipofunua, sufuria ambayo hujaa mpaka ukingoni ilikuwa nusu, na ndani mlikuwa na bokoboko. Ukichota kwa mwiko, unakuja wote.

Wasichana walikuwa wamekwisha kupanga mstari na sahani zao. Wa mbele walipata. Nilipofika katikati ya mstari sufuria ilikuwa inakwanguliwa, na nyuma bado kulikuwa na karibu nusu ya shule. Siku ya Jumapili, wametoka misani. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikaona aibu ambayo sijaisahau. Kisha nikafanya kilichowezekana. Nikafungua stoo, nikachota unga wa uji, nikasonga ugali. Kwa mikono yangu mwenyewe nikala uji niliokuwa nimeapa kuulinda.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Sista kabla hajaniita. Nilimwambia yote, pamoja na lile jibu nililompa Mama Kulwa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Unga wa uji umebaki wa siku ngapi?"

"Siku nne, Sista."

"Basi siku nne," akasema, akarudi kwenye makaratasi yake. Ningependa angenifokea.

Nilikaa nyuma ya jiko, nikakuna kichwa, nikameza kiburi, nikampigia simu Mama Kulwa. Alinitambua kabla sijajitaja. "Baba wa Iringa! Wali uliumuka?" Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Nikamwacha acheke, nilistahili. Alipomaliza akasema, "Sikiliza. Mchele huo usiumwage wala usiuuze kwa hasara. Mchele mpya hauozi, unakomaa. Uweke mahali pakavu, juu ya mbao, usiguse ukuta. Mpaka mwezi wa kumi na moja utanipigia mwenyewe kunisifia."

"Mama, mimi sina shida ya mwezi wa kumi na moja. Nina watoto Ijumaa hawana uji."

"Uji?" akasema, kama mtu aliyeulizwa mahali pa kupata mchanga. "Si nina chenga hapa?"

Chenga ni punje za mchele zinazovunjika mashineni. Sokoni watu hawazitaki kwa sababu hazipendezi kwenye sahani ya mgeni. Mama Kulwa alikuwa na chenga za mpunga wa zamani, zimerundikwa pembeni, watu wanakuja kununua za kulishia kuku. Akasema atanipa kwa kubadilishana: nimrudishie sehemu ya mchele wangu mpya, ambao yeye anaweza kuukalisha ghalani na kuuza baadaye, anipe chenga mara mbili zaidi. Wiki hiyo hiyo lori letu lilikuwa linapita njia ile kwenda Mbeya kuchukua viazi. Sista akasema, "Teofili, hii ni mara ya mwisho lori linakusikiliza."

Safari hii nilimsalimia Mama Kulwa kwa mikono miwili. Alinipimia mwenyewe, kwa ndoo iliyojaa mpaka ikamwagika. "Wabeja, baba," alinishukuru kwa Kisukuma wakati tunafunga turubali. "Kuvunjika si kuharibika. Tumboni zote zinavunjika." Neno hilo nimewahi kuwasimulia wapishi wengi.

Alhamisi tulipepeta, maana chenga huja na vumbi na changarawe, na hapo msifanye mchezo. Tulizichagua kwenye ungo, tukaziosha mpaka maji yakawa safi, tukaloweka. Ijumaa saa nne tukapeleka ndoo za uji wa chenga na karanga bwaloni. Nilijipongeza tena. Mtaona nina tabia hiyo.

Ndoo zilirudi zikiwa nusu.

Nyuma ya ndoo akaja kiranja wa chakula, Sekela, msichana wa kidato cha nne kutoka Kyela, mrefu, maneno machache. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo, babu," kisha akasema, "Wenzangu wananituma niulize, tumelazwa wodi gani?"

Kwa sababu uji wa mchele, huku kwetu, ni wa mgonjwa. Nilikasirika. Nikafikiria barabara yote ya Rujewa, nikafikiria ungo, nikamwambia, "Wasioutaka wakanywe maji."

Hakunikasirikia. Alisema, "Wapo watakaokunywa maji, babu. Wenye hela wameshanunua maandazi." Akaondoka.

Sikula mchana. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kama chapati, nikamsimulia mke wangu nikitegemea anipoze. Aliniuliza swali moja tu.

"Karanga mlizikaanga?"

"Tulizitwanga mbichi. Tulikuwa na haraka."

"Haraka haraka haina baraka. Na uji wenyewe ulikuwa mwepesi?"

"Mwepesi, ndiyo. Ili utoshe."

"Basi mmewapa dawa, hamkuwapa uji. Uji wa mchele ukiwa mwepesi ni wa mgonjwa. Ukiwa mzito ni wa mtu anayekwenda shamba. Kaanga karanga zipate rangi, twanga, tia mwishoni, na chumvi kidogo. Chumvi ikiwepo, sukari haitafutwi." Akaongeza huku anapuliza mkaa, "Miaka yote hiyo unapika, hujawahi kuniuliza kitu."

Ni kweli, sikuwahi. Hilo nalo liwe somo kwa vijana wa kiume mnaodhani kubana matumizi ya nyumbani ni kumpa mama hela kidogo halafu kuuliza imekwendaje. Anayepika kila siku ana akili ambayo wewe mwenye mshahara huna. Muulize kabla hujakwenda dukani.

Jumatatu tulikaanga karanga. Harufu ilitoka jikoni, ikapita madarasani, na nasikia mwalimu wa hesabu aliacha kuandika ubaoni. Uji ulisimama kwenye mwiko. Chenga zile zilikuwa zimekunywa maji usiku kucha, zikaumuka, kiasi kidogo kikajaza ndoo, na sukari tulitumia chini ya nusu ya ile ya zamani. Ndoo zilirudi tupu. Sekela alizibeba mwenyewe, akaziweka chini, akanisalimia, "Kamwene, babu," kwa Kihehe chake cha Kyela, nikajua tumesameheana. Mwisho wa mwezi ulipofika hakuna aliyekuja kuosha sufuria kwa ajili ya stoo.

Basi, Eda, na ninyi wengine. Chenga zipo Mbeya hapo hapo, zipo kila soko linalouza mchele, mnazipita kila siku mkijifanya hamzioni kwa sababu mnaogopa jirani atasema nini. Si uji tu. Pikeni na kande, changanyeni na maharage, tieni kwenye supu ya watoto. Mchele wa wali nunueni wakati wa mavuno, lakini ule wa kuweka. Wa kula leo ulizeni umetoka ghalani au jarubani, na mwuzaji akiwaonya msimjibu kama nilivyojibu mimi. Nyanya nunueni zile ndogo zinazobaki baada ya wachuuzi kuchagua, huko Kalenga kina mama walikuwa wananiuzia ndoo kwa bei ya sadaka, nikazichemsha siku hiyo hiyo. Mafuta msiyamimine kutoka kwenye dumu, mkono hauna breki. Chukueni kijiko. Mimi nilipikia mamia ya watu kwa upawa mmoja uliokuwa unakaa msumarini, na aliyeugusa bila ruhusa alinijua.

Lakini juu ya yote hayo lipo moja ambalo natamani mlishike. Bei ikipanda, kila nyumba inakata kitu. Angalieni mnachokikata kinaliwa na nani. Ni rahisi sana kuanza na cha yule asiyelalamika: mtoto mdogo, bibi, dada wa kazi, mama mwenyewe anayesema ameshiba. Anzeni kwenye mbwembwe zenu. Sista alikuwa tayari kukata uji kwa sababu wanywaji wake hawakuwa na pa kusemea, na wali wa Jumapili hakuna aliyeugusa kwa sababu ulikuwa heshima. Tuliubana wali, uji ukabaki, ikawezekana. Inawezekana, wanangu. Nimeona kwa macho yangu jiko lililokwisha kuhesabiwa limekufa likirudi kupumua, na hakuna aliyetuongezea kitu.

Mwezi wa kumi na moja ulifika. Mchele nilioufanyia fujo Julai ulikuwa umekaa juu ya mbao, mkavu, na Jumapili kabla ya mtihani niliupika. Uliumuka mpaka ukasukuma mfuniko. Nilimpigia Mama Kulwa kumsifia, kama alivyotabiri, akanicheka tena bure.

Siku iliyofuata ndiyo kidato cha nne walianza mtihani. Sista alishuka jikoni alfajiri, jambo ambalo hakuwa analifanya. "Teofili, leo usisubiri saa nne. Wape kabla hawajaingia. Shule nzima."

Nilikuwa nimejiandaa. Kila wiki tangu Agosti nilikuwa natenga chenga kidogo pembeni, haba na haba, bila kumwambia mtu, kwa ajili ya asubuhi hiyo. Tukainjika sufuria zote mbili kubwa. Wasichana wakaja wamevaa sare zilizopigwa pasi, kalamu zimechomekwa kwenye soksi, kimya, wamejawa na hofu. Nikawachotea mmoja mmoja, Sekela akiwa wa mwisho kama kiranja anavyopaswa kuwa. Nilipomaliza nikainama kwenye sufuria ya pili kuona kilichobaki. Uji uliochotwa humo ulikuwa haujafika nusu.

Mwaka mzima ule sikuwahi kutamka neno nililolitamka hapo. Nilichukua mwiko nikagonga mfuniko, nikapaza sauti, "Nyongeza!"

Hakuna aliyesogea. Walidhani nimekosea. Nikagonga tena, "Nimesema nyongeza, mnasubiri barua?" Ndipo wakaelewa, na wakakimbia, wadogo kwa wakubwa, vikombe juu, wanacheka, wanasukumana, hata wale wa mtihani. Kukimbia jikoni kulikatazwa kabisa kwetu. Sista Oresta alikunja gauni lake akajibanza ukutani kuwapisha, na hakumkataza hata mmoja.

Nililia, wanangu, mbele yao wote, nikiwa nachota. Mmoja wa vikombe vikubwa aliniuliza, "Babu, moshi?" Nikamwambia hapana, lete kikombe.